Mluzi wa Baba na Mikebe ya Maziwa

Kazi yangu ina sauti. Watu hudhani sayansi ni jambo la kimya, watu waliovaa makoti meupe wakikodolea chupa macho. Yangu hupiga kelele. Unamchukua buu wa wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva jikoni, unampasua chini ya hadubini, unamfungua taratibu kama mtu anayefungua vifungo vya koti, na misuli yake inaonekana imejipanga safi kabisa. Unaingiza sindano ya kioo katika msuli mmoja. Sindano imeunganishwa na amplifaya ya kukuza umeme mdogo wa msuli, amplifaya imeunganishwa na spika. Kisha unangoja. Hata usipomgusa, hata mshipa wake wa fahamu, yaani neva, ukiwa umepumzika, spika inasema: tap. Kimya. Tap, tap. Kimya kirefu. Tap. Kila tap ni kifuko kimoja kidogo mno kilichopasuka mwishoni mwa neva na kumwagia msuli kemikali iliyobeba ujumbe.

Spika yangu ya kwanza niliinunua Kitale, katika duka la mzee mmoja wa Kisikhi aliyeuza redio na vipuri vyake. Aliniuliza nataka kusikiliza stesheni gani. Nilimwambia nataka kusikiliza msuli wa nzi. Alinitazama, akarekebisha kilemba chake, akaniletea spika nyingine iliyo bora zaidi.

Nimeipenda sauti hiyo maisha yangu yote ya kazi. Lakini kuna sauti nyingine ambayo ningezitoa zote za spika ili niisikie tena leo, nayo ni mluzi wa baba yangu. Baba amezikwa Saboti, juu kidogo ya zizi, mahali alipochagua mwenyewe kwa sababu hakutaka kulala mbali na ng'ombe wake. Alikufa nikiwa nimemshika mkono, kwa hiyo sina la kujilaumu. Nina la kutamani tu. Nimejaribu kuupiga mluzi wenyewe, hata juzi nilijaribu nikiwa peke yangu jikoni, na kilichotoka ni upepo na mate.

Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Nyeri wakiwa wamefunga ndoa majuzi tu, wakapata shamba Saboti, lililotazama Mlima Elgon. Mimi ni binti wa kwanza, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba. Basi mimi nilikuwa mama yake. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita mama, na nikifanya ukaidi alikuwa akiwaambia wageni, "Mnaona vile mama yangu ananitesa?" Nao wageni walimpa pole za uongo, na mimi nikajiona mtu mkubwa.

Alikuwa na miluzi miwili. Wa kwanza ulikuwa wa ng'ombe, mrefu, unaopanda mwishoni. Alfajiri alisimama mlangoni mwa zizi na gambuti zake, akaupiga, na ng'ombe waliokuwa mwisho kabisa wa nepia, yale majani marefu ya malisho, waliinua vichwa na kuja mmoja mmoja kukamuliwa, bila fimbo wala kelele. Wa pili ulikuwa wa watoto: mfupi, mfupi, halafu mrefu unaoshuka. Huo aliupiga jua likizama, akiwa amesimama getini, na maana yake ilikuwa moja tu, rudini nyumbani. Tulikuwa tukiusikia kutoka mtoni, kutoka kwa majirani, kutoka juu ya miti ya watu. Ukiupuuza ulikuta viazi vimepoa na mama amenuna. Sijui mtu mwingine aliyekuwa na mdomo wa namna hiyo. Kanisani walimkataza asipige mluzi kwenye nyimbo, akawa anapiga kwa ndani, mashavu yakicheza.

Na kulikuwa na mikebe. Maziwa yetu yalibebwa asubuhi hadi njia panda, yakachukuliwa na lori, na mikebe ikarudishwa mchana ikiwa tupu, namba yetu imepakwa rangi nyekundu ubavuni. Mama yangu, alipokuwa hai, aliogopa mkebe kupotea kuliko maziwa kumwagika. Alisema maziwa ya kesho yatakuja hata hivyo, lakini bila mkebe utayatia wapi? Mchana alinituma njia panda kungoja lori. Nilikaa hapo juu ya jiwe nikichokoza siafu, nikiona mikebe ya wengine inashushwa, nikiomba Mungu yetu iwemo. Nikiiona ile namba nyekundu moyo ulitulia.

Nilipofika chuo kikuu walituonyesha mguu wa chura. Chura mwenyewe alikuwa amekufa, lakini neva yake ilipoguswa na umeme kidogo, mguu ulipiga teke. Wenzangu walicheka, mmoja akatoka nje kutapika. Mimi nilibaki hapo hadi mwalimu akaniomba nimwachie meza. Alituambia neva na msuli havigusani. Kati yao pana pengo, dogo kuliko chochote unachoweza kukiona, na ujumbe huvuka pengo hilo kwa vifuko vinavyopasuka. Halafu akasema jambo lililonikamata mpaka leo: vifuko hivyo si vingi. Mtu akikimbia, neva zake zingemaliza akiba yote kabla hajafika mbali, akaanguka kama gunia. Haanguki kwa sababu neva huyarudisha maganda ya vifuko, huyaunda upya, huyajaza tena. Nilikaa nikifikiria njia panda ya Saboti. Kumbe mwili mzima hutegemea mikebe kurudi.

Basi hilo ndilo nililokwenda kusomea ng'ambo, katika mji wa baridi kali, chini ya profesa mmoja mwanamke, mkali na mwenye huruma za kujificha. Alinipa ukoo wa nzi wenye kasoro moja ya kuzaliwa. Kwenye ubaridi nzi hao ni wazima: wanaruka, wanapanda, wanazaa. Ukiwapasha joto wanaanguka wote, miguu juu, kwa sababu joto hukifunga kile chombo kinachorudisha vifuko. Neva inatumia vifuko ilivyo navyo, haipati vingine, basi. Ukiwarudisha kwenye ubaridi wanainuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara ya kwanza nilipowaona wakiinuka nilipiga makofi peke yangu. Profesa alisema kutoka chumba cha pili, "Sasa eleza kwa nini." Nimejaribu kueleza kwa nini tangu siku hiyo.

Baba alinipigia simu Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa nimemweleza kazi yangu kwa mfano wa mikebe yetu, na mazungumzo yetu yalikuwa yale yale.

"Mama, bado unashinda na nzi?"

"Bado, baba."

"Na mikebe inarudi?"

"Inarudi. Tunataka tujue inarudi na njia gani."

"Sawa. Sasa wewe mwenye kusomea vile mikebe hurudi, unarudi lini?"

Nilicheka, kwa sababu alikuwa ananichekesha, na nikikata simu nilikuwa nalia. Huko nilikuwa na kila kitu ambacho mtu wa kazi yangu angeomba. Nilikuwa na meza isiyotikisika, stima isiyopotea, na mtu wa kubishana naye kila asubuhi. Lakini jioni, jua likizama saa zile za ajabu za huko, mwili wangu ulikuwa unangoja kitu masikioni, na hakikuja. Nilizeeka kidogo nikingoja hivyo.

Nilirudi. Mume wangu, mtu wa Chwele anayefundisha hesabu Bungoma, alikuwa amechoka kuwa na mke wa kwenye simu, nami nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha katika chuo kimoja cha huko. Nilikuja na nzi wangu ndani ya mirija, kwa vibali vyote. Mama mkwe alikuja kunipokea, akaangalia mizigo, akauliza kile kisanduku ninachokibeba kama mtoto kina nini. Nikamwambia.

"Nzi?" alisema, kwa lafudhi yake ya kugeuza kila l kuwa r. "Kutoka ng'ambo? Si hata kwetu Chwere tuko nao, bana. Ungeuriza tu."

Bungoma ina joto kuliko Kitale, na nzi wangu hawakuwa watu wa joto. Stoo ya nyumba yetu ikawa chumba chao. Nilipachika feni, nikaweka masanduku ya barafu ya kutumia stima ikipotea, nikawapikia uji wao wa unga wa mahindi na sukari. Spika ya Kitale niliipa nafasi yake ukutani. Mume wangu alisema hajawahi kuona wapangaji wanaotunzwa hivyo.

Hatukuwa tumekaa sana pale kaka yangu, aliyebaki na shamba la Saboti, aliponipigia simu kuhusu baba. Alisema mzee analegea. Kope zinamfunika. Kanisani anasinzia mahubiri yakianza, chakula kinamchosha, maneno yake yanatokea puani. Watu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni uzee, wengine walisema ni marehemu mama yetu anamwita, na mmoja alinong'ona kuwa mzee ameanza kulewa, yeye ambaye hajawahi kuonja hata busaa ya harusi.

"Na siku hizi anaita ng'ombe na debe," kaka alimaliza.

"Debe la nini?"

"Anagonga tu debe. Mluzi umeisha."

Hayo mengine yote nilikuwa nimeyasikia nikiwa nimesimama. Hilo la debe nililisikia nikiwa nimekaa chini.

Nilipanda Saboti. Baba alinipokea getini, akanitabasamia, na tabasamu lenyewe lilitoka limepinda kama mtu anayekunja uso kwa hasira. Aliona nilivyoliona. Tukakaa kikao, kaka, mke wake, wazee wawili wa kanisa na mimi, na uamuzi haukuchukua muda. Baridi. Kwetu watu wa mlimani kila ugonjwa wa mzee ni baridi. Baridi imeingia mifupani, baridi imeshika uso, umande wa alfajiri umemaliza mapafu. Dawa yake ni joto, na joto liko Bungoma, kwa binti yake. Mke wa kaka alimfungia sweta zote, kabuti, kofia ya sufu, soksi za kulalia, akaniagiza nisimwache akae wazi. Nilikubali kama wengine. Nilifurahi hata, kwa sababu nilikuwa nampata baba yangu nyumbani kwangu baada ya miaka yote ile.

Huo ulikuwa msimu wa jua kali. Baba aliketi sebuleni chini ya mabati, amevaa sweta juu ya sweta, na kila siku akawa chini ya jana yake. Asubuhi alikuwa afadhali. Ikifika saa tisa alikuwa anashika taya kwa kiganja ili aweze kutafuna. Nyama aliiacha, akasema haina chumvi. Chai ilimrudia puani, akajifanya ni mafua. Mama mkwe alikuja kumwona, akatikisa kichwa akasema baridi ya Kitare ilikuwa imemwingia sana, tumwongezee branketi. Tukamwongezea.

Siku moja ng'ombe wa jirani walipita nje. Baba aliinuka akaenda dirishani, akakaza mdomo, akavuta pumzi. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena na mate yakamtiririka kidevuni. Akajifuta kwa mkono wa sweta, akabaki amegeukia dirisha hadi ng'ombe walipoisha barabarani, asije akaniona nikimwona. Niliingia stoo kwa nzi wangu nikafunga mlango. Nilitaka ule mluzi kama mtoto anavyotaka titi, na sitatafuta maneno ya heshima zaidi ya hayo. Nilikuwa nimesomea namna neva inavyozungumza na msuli kuliko mtu yeyote niliyemjua katika wilaya zote mbili, na msuli wa mdomo wa baba yangu ulikuwa haunisikii.

Wiki hiyo hiyo stima ilipotea mchana. Nilipofika stoo feni ilikuwa imesimama, chumba kimekuwa tanuri, na nzi wote walikuwa chini ya mirija yao, miguu juu. Nikaanza kuwapanga haraka kwenye masanduku ya barafu. Baba alisikia vishindo, akaja polepole akishikilia ukuta.

"Mama, umewaua?"

"Hawajakufa, baba. Ni joto. Mikebe imekataa kurudi."

Aliketi juu ya gunia la unga kuangalia. Nikampa chupa ya maji yaliyoganda anishikie, nipate nafasi ya kupanga mirija. Joto lilikuwa limemzidi, basi akaiegemeza usoni, upande wa kushoto, akatulia nayo hapo. Kisha nzi mmoja akachezesha mguu. Mwingine akajigeuza. Wakaanza kuinuka, wakajipangusa, wakapanda ukuta wa mrija.

"Ona," nikasema, nikageuka.

Baba alikuwa ameiweka chupa chini. Jicho lake la kushoto lilikuwa wazi, wazi kabisa, lile jicho la picha ya harusi yao iliyokuwa ukutani Saboti. La kulia lilikuwa nusu limefungwa kama kawaida.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Baba, weka hiyo chupa kwa lile jicho lingine. Usiongee. Weka tu."

Aliweka. Nikangoja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kungoja vitu vidogo visogee, niliomba. Alipoitoa, baba yangu alinitazama kwa macho mawili.

Mimi si daktari wa watu, ingawa majirani huniletea magoti yao. Lakini nilikuwa nimesoma juu ya ugonjwa mmoja wa misuli unaozidi kwa joto na kupungua kwa ubaridi, katika kurasa nilizozipita haraka kwa sababu hazikuwa za upande wangu. Katika ugonjwa huo neva ni nzima. Ujumbe unatumwa, vifuko vinapasuka, vinarudi, vinajazwa. Shida iko ng'ambo ya pengo, kwenye msuli, ambako walinzi wa mwili wenyewe wamekosea na kuziba milango ya kupokea. Ubaridi hufanya kemikali ile ikawie kidogo pengoni, na ile milango michache iliyobaki ikapata muda wa kusikia. Joto hufanya kinyume chake. Nilikuwa nimekaa ukingo mmoja wa mto tangu ujana, nikihesabiwa kuwa mjuzi, na ugonjwa wa baba ulikuwa umeketi ukingo wa pili ukiniangalia. Nilikasirika. Nilimvua kofia ya sufu nikaitupa, nikamvua kabuti, nikamvua sweta ya kwanza na ya pili, na yeye akaanza kucheka kwa ule uso wake uliopinda, akisema, "Mama, utanivua mpaka ngozi?"

Tulimpeleka hospitali kubwa. Daktari bingwa alimwambia aangalie dari asishushe macho, na kope zikashuka zenyewe kama pazia. Akampima hili na lile, akampa vidonge vya kumeza kabla ya chakula. Alitueleza vizuri, kwa upole. Alisema msuli wa mzee si mvivu, unachoka upesi tu. Ukitumika mfululizo unaisha, ukipumzika unapata nguvu kidogo ya kutumia. Joto ni adui, kupumzika ni rafiki.

"Kwa hivyo nirudi kwa baridi yangu?" baba aliuliza.

Alirudi Saboti akiwa na shati moja. Kope ziliinuka, nyama ikapata chumvi tena, sauti ikatoka puani ikarudi kifuani. Nilimtembelea kila nilipopata nafasi. Mluzi tu ndio haukurudi. Daktari alikuwa ametuonya kuwa midomo huchelewa, pengine isipone. Baba hakuutaja, nami sikuutaja. Alfajiri nilimsikia kutoka kitandani akigonga debe, na nilikuwa natamani ng'ombe wakatae kuja. Mke wa kaka aliniambia mzee ana tabia mpya, anaenda nyuma ya zizi peke yake na kupuliza puliza hewani, sijui anafanya nini. Nikafikiri ni mazoezi ya pumzi.

Halafu profesa wangu akaniandikia. Alikuwa anastaafu, na maabara ile ingefungwa, vyombo vigawanywe. Kulikuwa na jaribio moja letu, lile tulilolianza pamoja na kuliacha katikati, na angependa tulimalize kabla hawajaing'oa meza. Miezi michache tu. Nilitaka kwenda. Sitaficha. Nilikuwa nimeikosa ile meza kama mtu anavyokosa mtu. Nilikuwa naota spika ile ya kule ikisema tap kwenye giza la chumba chetu. Na nilikuwa naogopa kumwacha baba, si kwa sababu ya ugonjwa, bali kwa sababu nilikuwa bado nangoja kitu kutoka kwake na sikujua kama kitakuja nikiwa hapa au nikiwa mbali.

Nilikwenda Saboti kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo mikebe, kwani bado hamjajua inarudi na njia gani?"

"Tumejua njia mbili, baba. Tunabishania ya tatu."

"Basi nenda mkabishane."

Sikuridhika. Nilikuwa nimejiandaa kukatazwa, na mtu aliyejiandaa kukatazwa hapendi kuruhusiwa. Nililala hapo usiku huo, niondoke asubuhi kwa bodaboda hadi Kitale.

Kulipokucha nilimkuta ameketi nje ya jiko, amevaa gambuti. Nikamsalimia. Aliinua mkono tu. Nikamuuliza amelalaje, akatikisa kichwa kuonyesha vizuri. Ng'ombe walikuwa wameitwa na kaka, kwa debe. Tukanywa chai, baba hakusema neno. Mke wa kaka alimuuliza kama aongezewe maziwa, akafunika kikombe kwa kiganja. Hata mkate hakuugusa. Nilianza kuona moto. Nina hasira za karibu, kila mtu kwetu anajua, na yeye ndiye aliyenirithisha. Nikajiambia, kumbe "nenda mkabishane" ilikuwa ya mdomoni. Kumbe amekasirika na ameamua kuninunia kama mama yangu alivyokuwa akinuna.

Lililoniuma zaidi ni maombi. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kusafiri bila baba kumwombea, tukiwa tumesimama, kofia yake mkononi. Aliniombea nilipokwenda shule ya bweni, aliniombea nilipokwenda ng'ambo, maombi marefu ya kutaja kila daraja barabarani. Asubuhi hiyo tulisimama, akavua kofia, kisha akamwashiria kaka aombe yeye. Kaka alishangaa, akaomba kwa haraka. Sikusikia hata neno moja la maombi hayo.

"Haya, baba," nikasema, kwa sauti niliyoijua ni kali. "Mimi nimeenda."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika kwa muda. Macho yake yalikuwa wazi yote mawili. Nikauvuta mkono wangu nikachukua begi, nikashuka njia ya getini bila kugeuka. Mwenye bodaboda alikuwa ananingoja nje, akafunga begi langu nyuma kwa mpira.

"Twende, madam?"

"Twende."

Akaiwasha pikipiki. Nikapanda. Hapo ndipo nilipousikia: mfupi, mfupi, halafu mrefu unaoshuka.

Ule mrefu ulitetemeka katikati, nikadhani utakatika, haukukatika, ukashuka hadi chini unakopaswa kufika. Nikageuka. Baba alikuwa amesimama kwenye nguzo ya zizi, ameegemeza taya kwenye kiganja ili midomo isimwangushe. Asubuhi yote alikuwa hajazungumza, hajatafuna, hajaomba, alikuwa anauwekea mdomo wake akiba. Huko nyuma yake ng'ombe waliendelea kula nepia. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa, kwa sababu mluzi huo haukuwa wao.

Nikamgusa mwenye bodaboda begani nikamwambia azime pikipiki.